Kidhibiti cha kuwasha gesi kwa umeme: kazi yake kabla na baada ya cheche

Oveni kubwa ya gesi ya kuokea mikate ina tabia inayowakera waokaji wageni. Unawasha swichi, unapanga joto nyuzi 220, na moto hauji. Feni inavuma peke yake kwa nusu dakika, kitu kinalia "tak" ndani ya boksi, cheche zinafuatana haraka haraka, na ndipo moto wa bluu unapotanda kwenye kichomeo. Mwenye haraka huona kifaa kinazembea. Kumbe nusu dakika ile inamlinda yeye na jengo zima, na anayeisimamia ni boksi dogo lililofungwa ubavuni mwa oveni, ambalo mafundi wengi huliita kontroli tu. Hicho ndicho kidhibiti cha kuwasha gesi kwa umeme.

Kidhibiti hiki huamua lini gesi ifunguliwe, lini cheche itolewe, na kama gesi iendelee kutoka au ikatwe. Kutoa cheche ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kubwa zaidi ni kuhakikisha gesi haitoki mahali pasipo na moto wa kuiteketeza.

Hapo ndipo kinapotofautiana na kiwashio cha jiko la nyumbani. Katika majiko mengi ya mezani, kugeuza kitasa hupiga kipande cha fuwele, na fuwele ikigongwa hutoa umeme wa volti nyingi kwa kitambo kidogo. Kanuni hiyo ilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kiwashio cha namna hii kinatoa cheche na kazi yake imeishia hapo. Chai ikifurika na kuzima moto, hakina habari. Labda jiko liwe na kinga nyingine, gesi itaendelea kutoka mpaka mtu aione au ainuse. Jikoni nyumbani mtu huyo kwa kawaida yupo. Lakini nani anakikodolea macho kichomeo cha boila ya hoteli saa tisa usiku? Nani anauona moto uliofichwa nyuma ya bati la oveni?

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri kwa hesabu. Kichomeo cha kilowati 30, ambacho si kikubwa kwa kiwanda cha mikate, hutumia kilo mbili na ushee za gesi ya mtungi kwa saa. Ikigeuka kuwa hewa, hiyo ni takriban lita 20 kwa dakika. Sasa chukua oveni yenye nafasi ya mita moja ya ujazo ndani, yaani lita 1,000. Gesi ya mtungi hushika moto ikiwa ni kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa iliyopo. Valvu ikifunguka bila moto kwa sekunde 10, zinaingia lita 3 na kitu, sawa na theluthi ya asilimia moja. Hapo bado uko mbali na hatari. Ikifika dakika moja, zimeingia lita 20: asilimia 2, mlangoni kabisa mwa mlipuko. Dakika tatu, asilimia 6, na cheche moja itakayokuja hapo haitawasha kichomeo, itang'oa milango. Tena hesabu hii inachukulia kwamba gesi imetawanyika sawasawa, wakati gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hupenda kutuama chini. Kwa hiyo kidhibiti kina sekunde chache tu za kuthibitisha kwamba moto umewaka. Mafundi huuita muda huo muda wa usalama, na umepangwa kiwandani, haubahatishwi.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Joto likishuka, swichi ya joto inaomba moto. Kidhibiti kinaanza kwa kujikagua: je, kuna dalili ya moto sasa hivi, kabla sijafungua gesi? Kama ipo, maana yake ama kihisi kimeharibika ama valvu inavujisha gesi inayoungua, na kidhibiti kinagoma kuendelea. Kisha feni inasafisha chumba cha moto, itoe gesi yoyote iliyobaki tangu mara iliyopita. Swichi ndogo ya shinikizo la hewa inathibitisha kwamba feni inasukuma hewa kweli, maana mota inaweza kupokea umeme na pangaboi lisizunguke. Baada ya hapo transfoma inatoa maelfu ya volti, cheche inaruka kwenye mwanya wa milimita 3 au 4, na valvu inafunguka. Saa ya muda wa usalama inaanza kuhesabu. Moto ukionekana, cheche inakoma na kazi inaendelea. Usipoonekana, valvu inafungwa.

Sasa, boksi la plastiki "linaonaje" moto? Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko sehemu nyingine yote ya mtambo huu. Mwali wa moto hupitisha umeme, kwa sababu joto na mchomo huvunja molekuli za gesi na kuacha chembe zenye chaji. Kijiti cha chuma kisichoyeyuka kwa joto kinawekwa ndani ya mwali, na kidhibiti kinakipelekea umeme wa AC, ule unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Upande wa pili wa njia hiyo ni kichomeo chenyewe, kilichounganishwa na ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Kwa kuwa eneo la kichomeo ni kubwa mno kuliko la kijiti (mafundi hutaka walau mara 4), mkondo hupita kwa urahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Matokeo yake, umeme ulioingia kama AC unatoka ukiwa na sehemu ndogo ya DC, yaani mkondo wa upande mmoja. Ni mdogo ajabu: maikroampea chache, yaani sehemu chache tu za milioni za ampea moja.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu moto ni vigumu kuigiza kwa njia hiyo. Waya wa kijiti ukikatika, hakuna mkondo. Kijiti kikipinda na kugusa bati, au porselini inayokitenga na bati ikilowa unyevu, mkondo utapita, lakini utapita sawa pande zote mbili, na kidhibiti hakitaukubali. Kinataka mkondo wa upande mmoja, na kinachouleta pale ni mwali.

Linganisha na thamokapo, kijiti kilichokuwa kikitumika kwa miaka mingi na bado kipo kwenye oveni za zamani na baadhi ya hita za maji. Hicho kinategemea jambo alilolionyesha Thomas Johann Seebeck mwaka 1821: metali mbili tofauti zilizounganishwa, upande mmoja ukipata joto, huzalisha umeme. Milivolti 20 au 30 zinatosha kushikilia sumaku ya valvu. Ni kifaa cha kuaminika na hakihitaji umeme wa ukutani. Ila kinahisi joto, wala si moto wenyewe, na chuma hakipoi mara moja. Moto ukizimika, valvu inaweza kubaki wazi kwa nusu dakika au zaidi. Rudi kwenye hesabu ya lita 20 kwa dakika na utaona kwa nini vichomeo vikubwa havikabidhiwi thamokapo. Kijiti cha mwali hutoa habari ndani ya sekunde moja hivi.

Kukatika kwa umeme, tulivyokuzoea, hakuna madhara hapa. Valvu za gesi hushikiliwa wazi na umeme na hufungwa na springi. Umeme ukiondoka, springi inafunga bila kungoja amri ya mtu. Mara nyingi valvu huwa mbili mfululizo, ili uchafu ukikwamisha moja, nyingine ifunge. Umeme ukirudi, kidhibiti kinaanza upya kutoka kwenye feni.

Jenereta ndiyo yenye kisa chake. Oveni inayofanya kazi vizuri kwa umeme wa kawaida inaweza kugoma kwa jenereta: cheche zinatoka, moto unawaka wa kupendeza, na baada ya sekunde chache unakatwa. Mwokaji anaapa kontroli imekufa. Mara nyingi ni nzima. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaunganishwa na ethi, na mkondo wa kijiti unakosa njia ya kurudi, hivyo kidhibiti hakiuoni moto ambao watu wote wanauona. Kwa baadhi ya mitambo, hata plagi iliyogeuzwa, laivu (waya unaoleta umeme) mahali pa nyutro, inatosha kuleta hali hiyo. Sababu nyingine ya kawaida ni kijiti chenyewe kufunikwa na utando mweupe au mweusi. Fundi huunganisha mita mfululizo na waya wa kijiti, anasoma maikroampea, anazima, anakisugua kwa msasa laini, anasoma tena. Namba ikipanda, kazi imekwisha na hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Moto usipothibitika, kidhibiti hujifungia: taa nyekundu inawaka na hakitajaribu tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuriseti. Kitufe hicho kinaonewa sana. Kukibonyeza mara moja ni sawa. Kukibonyeza mfululizo ni kurudia kumwaga zile lita 3 kila mara, na kwenye mtambo usio na feni ya kusafisha zinajikusanya. Ukisikia harufu ya gesi usibonyeze chochote, hata swichi ya taa: funga mtungi, fungua milango, na ukumbuke gesi iko sakafuni, inaweza kufika kwenye moto wa chumba cha pili kabla pua yako haijaishtukia. Na fundi anayeshauri "tuunganishe valvu moja kwa moja wakati tunasubiri kipuri" asiruhusiwe kugusa mtambo. Anachokiondoa ni kinga yote niliyoieleza hapa.

Kipuri nacho kina mtego wake. Maboksi mawili yanaweza kufanana rangi, umbo na plagi, moja likiwa na muda wa usalama wa sekunde 3 na jingine 10. Moja likijaribu mara moja na kujifungia, jingine likirudia mara kadhaa. Yapo pia yaliyotengenezwa kwa gesi asilia tu, kama ile ya Songo Songo inayofika Dar es Salaam, ambayo ni nyepesi na hupanda juu ikivuja. Mengine kati ya hayo huiacha gesi ya moto mdogo wa kuanzia ikitoka huku yakijaribu tena, jambo lisilofaa kabisa kwa gesi ya mtungi. Soma kibandiko cha lile la zamani kabla ya kulitupa: muda wa usalama, muda wa kusafisha, idadi ya majaribio na aina ya gesi, vyote vinne vilingane na vya jipya.