Kwa nini mwenye ua mkubwa hunyimwa mbwa, na mpangaji wa ghorofani akapewa?

Wengi hudhani vituo vinavyohifadhi mbwa waliookolewa huwachuja waombaji ili kumpata mtu mwenye nafasi, pesa na huruma. Dhana hiyo inaanza kuyumba uani kwenyewe. Mbwa aliyeachwa peke yake uani hafanyi mazoezi. Hukimbia dakika chache, kisha hulala mlangoni kusubiri watu. Akichoshwa na upweke hujitafutia kazi: huchimba chini ya uzio au hubwekea kila mpita njia. Mpangaji anayemtembeza mara 3 kwa siku humpa mwendo, harufu mpya na mtu wa kuwa naye. Ndiyo maana swali la mbwa atakaa peke yake saa ngapi lina uzito kuliko ukubwa wa kiwanja.

Kuchuja hapa ni kulinganisha, kama anapoongezewa mgonjwa damu: hakuna anayeuliza iwapo aliyeitoa ni mwema, huulizwa kama makundi yanapatana. Mbwa anayetafuna milango akiachwa peke yake hamfai anayetoka alfajiri na kurudi usiku, hata awapende mbwa kiasi gani. Anayefukuza kila kinachokimbia hafai penye paka. Anayengurumia wanaosogelea chakula chake hapelekwi penye mtoto anayetambaa, kwa sababu uso wa mtoto huyo uko usawa wa bakuli.

Maswali mazuri basi hayajibiki kwa ndiyo au hapana. Utafanya nini akikojoa sebuleni? Anayesema atamchapa atapata mbwa anayekojoa nyuma ya kochi, kwani mnyama hujifunza kumwogopa mtu, hajifunzi mahali pa kukojolea. Anayesema atamtoa nje kila anapoamka na kila amalizapo kula ameelewa kazi yenyewe. Mpangaji huombwa pia ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, maana mbwa wengi hurudishwa kwa sababu za makazi.

Anayekuja kukagua nyumba huangalia vitu vidogo: upenyo chini ya lango, komeo lisilofunga vizuri, rundo la matofali kando ya uzio ambalo mbwa atalipanda kama ngazi. Siku za mwanzo ndizo za kutoroka, kwa kuwa bado hajajua kwao ni wapi.

Sehemu ngumu zaidi ni kumjua mbwa mwenyewe. Kelele za bandani humfanya mwingine ajikunyate hadi aonekane mpole, na tabia yake halisi hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Vipimo vya tabia vya kituoni havitabiri vizuri atakavyokuwa nyumbani, kwa hiyo maelezo ya familia iliyomlea kwa muda yana thamani zaidi. Fomu ndefu kupita kiasi nayo ina madhara: mwombaji anayefaa hukata tamaa, mbwa akabaki bandani.

Kama nyumbani tayari kuna mbwa, wawili hao wakutanishwe mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Watembezwe sambamba, wakiachiana mita kadhaa, kamba zikiwa zimelegea. Kamba iliyokazwa huwaongezea wasiwasi, na kusimamishwa uso kwa uso huweza kuzua ugomvi ambao usingetokea.