Diwani Si Kapu: Unayekusanya Kazi za Wenzako, Omba Ruhusa Kwanza

Kila inapokaribia Aprili 23, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, dawati letu la hakimiliki hupata wageni wengi kuliko kawaida. Safari hii wengi wao ni washairi, na shauri lao ni moja. Kazi zao zimeokotwa kwenye makundi ya WhatsApp, zikachapwa diwani, yaani kitabu cha mashairi, diwani ikazinduliwa kwa keki na mgeni rasmi, wao wakaja kujua baada ya kutumiwa picha ya jalada.

Mmoja ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Alikuja na kitabu chenyewe ndani ya mfuko wa kitenge, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akaweka simu yake kando tulinganishe. Kwenye simu shairi lina beti saba. Kitabuni zimo sita. Ubeti wa mwisho, ule wa kaditama ambamo mtunzi hujitaja, umekatwa ili shairi litoshe ukurasa mmoja. Anayejua ushairi wetu anaelewa kuwa hapo umeondoka ubeti na sahihi ya mwenyewe pamoja.

Tulimpigia mkusanyaji. Hakuwa mkali, alishangaa tu. "Mimi nimemtangaza," alisema. "Nilitegemea anishukuru."

Tunaamini wengi wa wanaofanya hivi hawana nia mbaya. Ndiyo maana mwaka huu, kabla ya kufika kwenye vifungu vya sheria, naomba tumtazame mtu mmoja aliyeifanya kazi hii ya kukusanya kwa kiwango ambacho wachache wamekifikia.

Margaret Busby alizaliwa Accra mwaka 1944, nchi ikiitwa bado Gold Coast. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya Barbados. Babu mzaa mama, George James Christian, alikuwa mwanasheria kutoka Dominica aliyehudhuria mkutano wa kwanza wa Waafrika wa dunia uliofanyika London mwaka 1900, kisha akahamia Gold Coast. Margaret alipelekwa shule Uingereza akiwa mdogo, akasomea Kiingereza katika chuo cha Bedford, London. Akiwa bado mwanafunzi alikutana na kijana mwenzake, Clive Allison, wakakubaliana kuanzisha kampuni ya uchapishaji. Mwaka 1967 Allison & Busby ikaanza kazi, na yeye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchapishaji wa vitabu Uingereza, tena akiwa mdogo kwa umri kuliko wachapishaji wote wa huko.

Walianza na vitabu vya mashairi vya bei nafuu. Usambazaji hawakuufikiria, wakawa wanasimamisha wapita njia barabarani wawauzie. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaokuja hapa wakisema taratibu ni za makampuni makubwa yenye fedha. Hawa walikuwa vijana wawili wasio na mtaji wa maana.

Kitabu kilichowatoa kilikuwa riwaya ya Mmarekani Sam Greenlee, The Spook Who Sat by the Door, mwaka 1969. Wachapishaji wengine walikuwa wameikataa. Kwa miaka 20 Busby akiwa mkurugenzi wa uhariri, kampuni ikatoa kazi za Buchi Emecheta wa Nigeria na Nuruddin Farah wa Somalia, ikamrudisha madukani C.L.R. James wa Trinidad ambaye vitabu vyake vilikuwa vimeadimika. Mwaka 1987 kampuni ilichukuliwa na mchapishaji mwingine, W.H. Allen. Yeye akaenda kampuni ya uchapishaji ya Earthscan kwa miaka michache, kisha akawa mhariri wa kujitegemea.

Hapo sasa ndipo penye somo letu. Mwaka 1992 alitoa Daughters of Africa, antholojia, yaani mkusanyiko wa kazi za waandishi wengi, ya kurasa zaidi ya 1,000 yenye maandishi ya wanawake zaidi ya 200 wenye asili ya Afrika, kuanzia Misri ya kale hadi miaka yake mwenyewe. Jina la kitabu lilichochewa na wito alioutoa Maria W. Stewart, mwanamke mweusi wa Marekani, mwaka 1831. Mwaka 2019 akatoa cha pili, New Daughters of Africa, nacho cha waandishi zaidi ya 200, kupitia Myriad Editions.

Tuifikirie kazi hiyo kama tunavyoifikiria sisi tulio mezani. Stewart alifariki mwaka 1879, maneno yake hayamdai mtu ruhusa. Lakini kwa kila mwandishi aliye hai, au aliyefariki karibuni, lazima ajulikane mwenye haki ni nani: mwandishi mwenyewe, mchapishaji wake wa kwanza, au warithi. Kama kazi imetafsiriwa, mfasiri naye ana haki yake. Kila mmoja anaandikiwa, anajibu, anataja masharti, na ruhusa yake inachapwa kitabuni. Zidisha mara 200. Halafu mtu mwenye diwani ya washairi 30, wote wakiwa na namba zao kwenye kundi moja la simu, ananiambia kuwatafuta ilikuwa kazi ngumu!

Kuna jambo jingine katika kitabu cha 2019 ambalo wakusanyaji wetu wanapenda kulisikia nusu. Waandishi wale hawakuchukua malipo yao ya kawaida. Ni kweli. Lakini waliombwa, wakaelezwa fedha zinakwenda wapi, wakakubali. Zilikwenda kusaidia kuanzisha ufadhili wa mwanafunzi wa kike kutoka Afrika katika chuo cha SOAS, London. Aliyeupata wa kwanza, mwaka 2020, ni Idza Luhumyo wa Kenya, mwandishi ambaye hadithi zake zinagusa maisha ya pwani. Miaka miwili baadaye alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Mtu kusamehe haki yake kwa hiari ni jambo moja. Mtu mwingine kuisamehe kwa niaba yake bila yeye kujua ni jambo jingine kabisa.

Sasa sheria. Kwa Tanzania Bara tunazungumzia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Shairi linalindwa tangu lilipotungwa. Usajili husaidia kwenye ushahidi, lakini hausubiriwi ili haki izaliwe. Ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70, kwa hiyo anayetaka kuuza kitabu huko asitumie hesabu ya hapa. Kazi ya watunzi wawili hesabu yake huanza baada ya kufariki yule wa mwisho.

Mkusanyaji naye ana haki yake. Kuchagua na kupanga ni ubunifu, na mpangilio huo unalindwa. Ila haki hiyo imekaa juu ya haki za wenye kazi, haizifuti. Ndiyo sababu cheti cha usajili wa diwani nzima unachotuonyesha hakikupi umiliki wa shairi hata moja lililomo.

Tuje kwenye majibu tunayopewa. "Lilikuwa mtandaoni." Na nguo iliyoanikwa uani iko nje pia. "Nimeweka jina lake." Vizuri, hiyo ni haki yake ya kutambuliwa, lakini ya kuamua kazi ichapwe au isichapwe haijaguswa. "Nimebadilisha maneno machache." Hapo umeongeza kosa la pili, la kuharibu kazi ya mtu. "Hatukupata faida." Hasara yako haimhusu. "Mtunzi alishafariki." Alifariki lini? Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 na akafariki miaka michache tu baadaye, maneno yake ni ya wote. Tafsiri iliyofanywa na msomi aliye hai, pamoja na maelezo yake, si ya wote. Wanaochukua kitabu cha msomi na kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa wakidai utendi ni wa kale, tunaomba waache.

Kunukuu beti mbili tatu ndani ya uhakiki, ukimtaja mtunzi na chanzo, kunaruhusiwa mradi kiasi kiendane na haja. Shairi zima si nukuu.

Ruhusa iwe ya maandishi. Itaje jina kamili la mwenye haki na jina la utunzi, kichwa cha kazi, toleo lipi, lugha ipi, nakala ngapi au kwa muda gani, kama ni karatasi tu au na mtandaoni, malipo ni kiasi gani au hakuna, na nakala ngapi za bure atapewa. Itaje pia kama mhariri anaweza kugusa maneno. Pande zote zitie sahihi na tarehe. Mtunzi akiwa marehemu, anayetia sahihi ni msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama iambatishwe. Mpwa aliyepokea simu hatoshi. Alama ya dole gumba kwenye kundi la WhatsApp haitoshi vilevile, na kunyamaza si kukubali.

Kwa anayelalamika: leta kitabu au picha za kurasa zake, leta kazi yako ya asili na chochote kinachoonyesha tarehe, leta kitambulisho. Usifute mazungumzo ya simu. Tutawaita nyote wawili, na mashauri mengi huishia kwenye meza ya usuluhishi. Yasipoisha, mahakama inaweza kutoa amri ya zuio kitabu kisiuzwe, kuamuru fidia, na kuamuru nakala ziharibiwe. Anayevunja haki kwa kujua na kwa biashara anaweza pia kushtakiwa kwa jinai: faini, kifungo, au vyote kwa pamoja, na anayerudia kosa adhabu yake huwa kubwa zaidi. Mchapaji aliyefahamu naye hajitoi kwa kusema yeye ni mwenye mashine tu. Sitaingia zaidi ya hapo kwa sababu kila shauri lina mazingira yake, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Yule mama tulimkutanisha na mkusanyaji. Nakala zilizobaki zilisimama kuuzwa, na mkusanyaji akaomba ruhusa ya toleo jipya, safari hii kwa barua. Mama aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaandika chini yake kwa mwandiko wa ubaoni: "Beti saba."