Betri haijafa, acheni kununua betri

Jana tena. Pikapu inayobeba dagaa pale Mwaloni Kirumba, Hilux ya zamani ya petroli, mwenyewe kaja na betri mpya kwenye boda, ya tatu tangu mwaka jana, ananiambia fundi we funga tu. Nikamwambia kaka, subiri kwanza nipime. Akanuna. Na mimi nikanuna, ndo maana naandika.

Hapa mjini Mwanza gari ya zamani ikigoma asubuhi, stata ikazunguka kivivu, jibu ni moja tu: betri imekufa. Hiyo "iliyokufa" nimeipima ina volti 12.5. Maiti gani hiyo?

Shida ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Watu wanajua umeme unaenda, wanasahau kwamba unarudi. Stata inavuta ampea 150 na zaidi, na zote lazima zirudi betri kupitia bloku ya injini na ule waya wa ethi ambao una miaka 30, umeliwa, umejaa oili, boliti ina kutu na juu yake mpiga rangi kapuliza rangi. Kizuizi cha omu 0.01 tu, ambacho mita zetu hizi za bei chee hazikioni, kwa ampea 150 kinakula volti 1.5. Kwa hiyo usipime omu! Weka mita kwenye volti, waya mmoja kichwa hasi cha betri, mwingine chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi 0.5 umempata mchawi. Na usiniletee tasta ya balbu, balbu inavuta umeme kiduchu, itawaka vizuri halafu unaapa ethi ipo.

Sasa kinachoniudhi ni kwamba betri mpya kweli inasaidia, ndo maana hamniamini. Fundi akiifunga anapiga msasa vichwa na kukaza, yaani mmelipia betri kupata msasa. Halafu mpya ina nguvu, inalazimisha hata kwenye ethi mbovu, mwezi mmoja miwili, kisha tunarudi kule kule.

Pointi za distribyuta, ile swichi inayokatakata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche, nazo zinapata ethi kwenye injini hiyo hiyo, so koili inabaki na njaa, cheche nyekundu dhaifu, mnabadilisha plagi bure. Na msisingizie chumvi ya ziwa jamani, Victoria ni maji baridi. Ni maji ya samaki yanayochuruzika huko nyuma na hamuoshi, yanakula ethi ya taa za nyuma, ndo maana ukiwasha indiketa taa ya breki nayo inakonyeza.

Siku nyingine nasafisha viungo vitano gari inawaka, ukiniuliza kipi kilikuwa kibovu, sijui. Na zile zinazozimika zikipata moto kupanda Bugando, nahisi koili, ila ikipoa nikiipima nzima kabisa. Hizo zinaninyima usingizi.

Ya jana ilisoma 2.1. Nikafunga waya mnene mpya, ikashuka hadi 0.2, ikawaka na betri ile ile ya zamani. Duka limegoma kurudisha hela, kwa hiyo kuna betri mpya hapa gereji, anayeitaka kwa bei poa aje. Ila nitampima ethi kwanza.