Maji maangavu si lazima yawe salama

Hapa Busia, upande wa Uganda, bado wapo wanaoshikilia kwamba maji ya kisima yakishachujwa kwa leso hadi yakang'aa, basi ni ya kunywa. Leso hunasa mchanga na matope. Ikunje mara nne, utaona tope jekundu limebaki juu. Lakini kijidudu cha kipindupindu ni kidogo mno: kwenye milimita 1 vinajipanga mamia, na kimoja hupita kati ya nyuzi bila hata kuinama.

Kuchuja usiache, maana tope hula nguvu ya klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini. Chuja kwanza, kisha utie dawa, au uchemshe mpaka yatokote kwa dakika 1. Jerikeni nayo isugue ndani, ule utelezi wa kijani si pambo.