Namba ya shangazi si yako kuigawa: mikopo ya mtandaoni na taarifa za watu wasiokopa

Kila inapotoka habari ya wakopeshaji wa mtandaoni, maoni ya wananchi hugawanyika kwa namna ileile. Wapo wanaotaka programu zote zifungwe kesho asubuhi. Wapo wanaosema mkopaji akome, nani alimtuma kukopa kausha damu? Na wapo wanaouliza: "Lakini mimi nilibonyeza 'nakubali', nitalalamika vipi?" Makala haya yanawahusu hawa wa tatu, pamoja na kundi la nne ambalo mjadala hulisahau. Hao ni watu ambao hawakukopa hata shilingi, ila programu ilichukua namba zao kwenye simu ya mkopaji, wakapigiwa simu saa tano usiku kuambiwa kwamba wao ni wadhamini wa mtu waliyeachana naye tangu sekondari.

Mimi ni ofisa sheria, na kazi yangu ya kila siku ni kupokea malalamiko ya namna hii na kuyaelekeza yanakohusika. Nitangulize tahadhari: haya ni maelezo ya jumla kwa ajili ya elimu kwa umma. Hayatoi uamuzi juu ya shauri lolote, na sitataja kampuni yoyote, kwa sababu kampuni nayo ina haki ya kusikilizwa kabla ya kuitwa mkosaji.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dar es Salaam tarehe 3 Aprili 2024. Nayataja haya kwa sababu hadi leo kuna watu wanaoandika kwa kujiamini kabisa kwamba Tanzania haina sheria ya faragha. Ipo. Na kabla haijatungwa, Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu, ilikuwapo miaka yote hiyo.

Sheria hii inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azichukue kwa mtu huyo mwenyewe, na amweleze kwanza anazichukua kwa kazi gani. Ipo misamaha kadhaa, lakini "nilizikuta kwenye simu ya mdaiwa" haimo. Ukinunua simu, simu ni yako. Namba ya shangazi yako iliyohifadhiwa humo ni taarifa ya shangazi yako. Alikupa wewe ili umjulie hali, umtumie hela ya dawa, umwite kwenye kikao cha ukoo. Kuihifadhi kwa shughuli zako binafsi hakuna kosa, na sheria wala haikufuati huko. Ila hukupewa mamlaka ya kumkubalia yeye mambo mbele ya kampuni asiyoijua, kwa mkopo asioujua, ambao hela yake hataiona.

Kwa hiyo mkopeshaji anaposema "mteja alitupa ruhusa", jibu ni fupi: alikupa ruhusa yake. Ruhusa ya watu mia tatu waliomo kwenye simu yake hakuwa nayo, na asichokuwa nacho hawezi kukitoa.

Hili ndilo linalowashinda wengi, wakiwamo wasomi. Tumezoea kujadili faragha kana kwamba ni siri ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mtu anasema "mimi sina cha kuficha" na anadhani mjadala umekwisha. Sawa, wewe huna. Umemuuliza dada yako aliyehama mkoa kumkimbia mume anayempiga? Umemuuliza bosi wako, au mgonjwa wako kama wewe ni muuguzi, au mzazi wa mwanafunzi wako kama ni mwalimu? Wote wamo humo, na wengine umewahifadhi kwa majina yanayoeleza habari zao: "Mama Asha kliniki", "Juma deni", "Fundi wa kwa hawara". Programu inachukua jina kama lilivyoandikwa.

Hata ruhusa ya mkopaji mwenyewe haimfungi milele. Sheria inamruhusu kuiondoa wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kulipia. Tena miamala ya fedha ya mtu ipo kwenye fungu la taarifa nyeti, sambamba na habari za afya na alama za vidole, na kuchakata taarifa nyeti kunahitaji ridhaa ya maandishi. Programu inayosoma meseji zako zote kutafuta mshahara unaingia tarehe ngapi inapaswa kuwa na jibu kwenye hilo. Msiniulize kama kubonyeza kitufe ni maandishi. Wanasheria wanalibishania, na mimi siko hapa kulitolea hukumu.

Kuhusu kuzitambua programu zenyewe, yapo mambo mawili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, miezi michache baada ya kutoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa Daraja la Pili (watoa mikopo midogo wasiopokea amana) mwezi Agosti. Orodha si msahafu. Programu iliyofungwa leo inaweza kurudi kesho kwa jina jingine, hivyo cha kuangalia ni kama mkopeshaji ana leseni, siyo tu kama jina lake halimo kati ya hayo 69. La pili, tangu tarehe 31 Mei 2023 Google haiziruhusu programu za mikopo binafsi zilizo kwenye Play Store kufungua orodha ya namba za simu wala picha za mteja. Anayekutumia kiungo cha WhatsApp ili upakue programu ya mkopo nje ya duka hilo, ikaanza kwa kuomba namba zako zote, ameshajieleza.

Sasa lile ambalo nimechoka kulirudia dirishani. Kulalamika hakufuti deni. Nasema tena: kulalamika hakufuti deni. Mtu anafika na simu imejaa matusi aliyotukaniwa mama yake, malalamiko yake ni ya haki kabisa, kisha mwishoni anauliza, "Kwa hiyo ndiyo silipi tena?" Kudhalilishwa na kudaiwa ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake. Kama masharti ya mkopo ni ya kinyonyaji, au aliyekukopesha hana leseni, hilo ni suala la Benki Kuu. Wanaosambaziana mtandaoni kwamba ukijaza fomu ya malalamiko deni linasamehewa wanawapotosha watu waliokwisha kubanwa.

Wakopeshaji nao wana upotoshaji wao, kwamba sheria hii inawazuia kudai. Haizuii. Mpigie mdaiwa, mwandikie, mpeleke mahakamani. Kisichoruhusiwa ni kumtumia mchungaji wake picha yake yenye maneno "huyu ni tapeli". Na jamani, huwezi kumfanya mtu mdhamini kwa kuokota jina lake kwenye simu ya mwingine. Udhamini ni makubaliano. Aliyepokea meseji ya "wewe ni mdhamini wa fulani" bila kukubali chochote hadaiwi, na asilipe kwa hofu au aibu.

Adhabu nizieleze kwa utaratibu, kwa kuwa zinachanganywa sana. Kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria, kwa mtu mmoja mmoja, faini inaanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini inaanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kuharibu, kufuta au kuficha taarifa isivyo halali kunaangukia kwenye faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Hizo ni za mahakamani. Kando yake Tume yenyewe inaweza kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100, na inaweza kuamuru mlalamikaji alipwe fidia. Tena matusi na vitisho vyenyewe vinaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambako unyanyasaji wa mtandaoni una faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tendo moja linaweza kumfungulia mtu milango miwili.

Wanaodhani haya ni ya kutishia watoto watazame kwa majirani. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitangaza faini tatu kwa mpigo: kampuni ya mikopo ya mtandaoni Sh 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia namba za watu na kuwatumia meseji za vitisho, sehemu ya starehe ya Nairobi Sh 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh 4,550,000, kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Shule ndiyo iliyotozwa nyingi kuliko mkopeshaji. Walimu wakuu wanaopenda kurusha picha za mahafali kwenye kurasa za shule walisome hilo mara mbili.

Nasi wenyewe hatuko safi. Mweka hazina wa kikoba anaweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya "wadaiwa sugu", majina na namba na kiasi, kisha mtu anaipeleka kundi la mtaa. Kamati ya harusi inafanya vivyo hivyo na wasiomaliza ahadi. Kwa wakala wa miamala unaandika jina na namba kwenye daftari lililo wazi kaunta, na anayekufuata anasoma umetoa kiasi gani. Stationari inabaki na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA iliyotoka na wino mbaya, na karatasi hiyo inaweza kuishia kufungia karanga. Hakuna aliyekusudia ubaya, naamini hivyo. Lakini wanaokasirika zaidi kuhusu programu za mikopo, ukiwaambia wafute ile orodha ya kikoba, wanasema "hapo umezidisha".

Lile tangazo linalozunguka kila mwaka, "Sitoi ruhusa kwa Facebook au Meta kutumia picha zangu, nakili na ubandike", halina nguvu yoyote ya kisheria. Tafadhali acheni kutuletea ofisini kama kielelezo.

Hoja iliyokuja karibuni ni ya picha za akili mnemba. Mkopeshaji, au mpenzi wa zamani, anachukua sura ya mtu na kuibandika kwenye mwili wa utupu kwa programu ya kutengeneza picha. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba kwa kuwa picha ni ya uongo, hakuna taarifa ya mtu iliyotumika. Sura iliyomo ni ya nani? Taarifa inayomtambulisha mtu haibadiliki kuwa ya hewani kwa sababu mashine imeongeza mwili usio wake. Unayeipokea kwenye kundi na kuirusha mbele "ili watu waone ukatili huu" nawe umeisambaza.

Utaratibu wa kulalamika ni huu. Kwanza, usifute kitu. Wengi wakitukanwa hufuta meseji kwa hasira, au hubadilisha laini, kisha huja mikono mitupu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa; meseji iliyonakiliwa na kubandikwa mahali pengine haitoshi. Andika jina la programu kama lilivyo kwenye simu, pamoja na kiungo ulikoipakulia. Hifadhi uthibitisho wa muamala wa kupokea mkopo na kila marejesho. Kama waliopigiwa ni ndugu zako, kila mmoja atunze yake.

Pili, jua unapopeleka. Leseni na masharti ya mkopo: Benki Kuu. Matumizi ya taarifa binafsi: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vitisho, picha za utupu na udhalilishaji: Polisi, na usikubali kuambiwa "nendeni mkamalizane wenyewe". Namba ya kitapeli inayokutaka utume hela itume kwenda 15040, na ukitaka kujua kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106#. Kuna wanaoandika barua moja na kuweka nakala kwa Waziri, Mkuu wa Mkoa na vituo vitatu vya redio. Nakala haziharakishi kitu, na hiyo ya redio inamwaga taarifa zako upya.

Tatu, eleza unachotaka. Malalamiko yaseme nani analalamika na anapatikanaje, nani analalamikiwa, alifanya nini na lini, na unaomba nini: taarifa zifutwe, zirekebishwe, wasizitumie tena, au ulipwe fidia. "Naomba haki itendeke" haimwongozi mchunguzi. Tume inatakiwa kuchunguza na kuamua ndani ya siku 90 tangu ipokee malalamiko, na muda huo unaweza kuongezwa kwa kipindi kisichozidi siku nyingine 90. Siku hizo haziwi tano kwa kupiga simu kila asubuhi. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Aliyesumbuliwa kwa deni la mwingine analalamika kwa jina lake mwenyewe. Hahitaji barua ya mkopaji wala idhini yake, na si lazima ajue mkopaji yuko wapi siku hizi. Alete meseji aliyotumiwa, namba iliyoituma, na kitambulisho chake.