Je, wajua kwa nini binti wa mfalme wa Uskoti aliolewa mara nne bila kuachika hata mara moja?

Kuna siku nilikuwa naangalia mti wa ukoo wa wafalme wa Uskoti, nikakuta jina Mary Stewart na pembeni yake wanaume wanne wamepangwa kama vituo vya daladala. Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp nikatangaza, kwa ule uhakika wa mtu aliyesoma aya moja tu, kwamba huyu dada alikuwa anaacha waume, na kila akiacha anashuka daraja, maana alianza na bwana wa jimbo zima akamalizia na bwana mwenye ngome yake huko Duntreath. Watu wakacheka, mada ikapita. Kumbe nilikosea yote mawili, kuacha na kushuka.

Kwanza tusimchanganye. Huyu sio yule Mary malkia aliyekatwa kichwa mwaka 1587. Wetu ni wa zamani zaidi, binti wa mfalme Robert III na mkewe Annabella Drummond, na ndoa yake ya kwanza ni ya mwaka 1397. Hata kumwita "prinsesi" ni sisi wa leo tunampamba, enzi hizo Uskoti walisema tu binti wa mfalme.

Sasa hilo la kuacha. Kanisa la Roma wakati ule halikuwa na talaka kabisa, yaani hata uwe nani. Kilichokuwepo ni kubatilisha, mnaenda mnasema ndoa hii tangu mwanzo haikuwa ndoa, na sababu iliyotumika sana ni undugu. Tangu 1215 sheria ilikataza watu kuoana wakichangia hata babu wa babu, na kwenye nchi ndogo ambayo wakubwa wake wanaoana wao kwa wao karne nzima, karibu kila mtu alikuwa ndugu wa kila mtu, ndo maana watu walikuwa wanaomba kibali cha Papa kabla ya harusi, na wengine baada ya harusi. Kwa hiyo mimi nilipobanwa kuhusu "kuacha" nikajitetea nikasema basi lazima zilibatilishwa. Nimekosea tena! Waume watatu wa kwanza wa Mary walikufa, basi, hakuna lolote la ziada.

Wa kwanza, George Douglas bwana wa Angus, alitekwa na Waingereza kwenye vita vya Homildon Hill, Septemba 1402, akafa kwa tauni akiwa bado mateka. Siku hiyohiyo alitekwa pia shemeji yake Archibald Douglas, mume wa dada yake Mary aitwaye Margaret, huyo alipoteza jicho lakini akabaki hai. (Dada mwingine, Elizabeth, naye aliolewa na Douglas, wa tawi la Dalkeith. Mabinti watatu wa mfalme, Douglas watatu, hapo unaona kabisa mzee alikuwa anamwogopa nani.) Wa pili, James Kennedy wa Dunure, aliuawa mwaka 1408 kwenye ugomvi na ndugu yake mwenyewe. Wa tatu, William Graham wa Kincardine, walioana 1413, akafa 1424. Wa nne ni William Edmonstone, ambaye ukoo wake ndo ulikuja kujulikana kama Edmonstone wa Duntreath, harusi ni 1425. Mary mwenyewe inaonekana alikuwa hai mpaka kwenye 1458 hivi. Ukimwoa mwanamke mwenye afya ya namna hiyo, kwenye nchi ya vita, tauni na visasi vya ndugu, basi jiandae kuwa jina kwenye listi.

La kushuka daraja lina utamu wake. Nilidhani George ndo alikuwa kilele, bwana mkubwa wa damu safi. Kumbe George alizaliwa nje ya ndoa, na sio nje ya kawaida: baba yake, bwana wa Douglas, alimzaa na mjane wa shemeji yake, yaani mwanamke aliyewahi kuwa mke wa kaka wa mkewe, na kwa Kanisa hiyo ilihesabika kama kuzini na ndugu. Lakini huyo mama, Margaret, ndiye aliyekuwa na jimbo la Angus kwa haki yake mwenyewe, na mwaka 1389 akalikabidhi kwa mtoto wake. Halafu 1397 akakaa mezani na mfalme akadai mkwe wa kifalme, akapewa. Mfalme naye hakuwa na ubavu wa kumcheka mtu kwa kuzaliwa nje, maana wazazi wake walipata kibali cha Papa cha kuoana mwaka 1347 wakati yeye ana kama miaka kumi. Hata Robert hakuwa jina lake, alibatizwa John, akabadilisha alipopanda kiti 1390 kwa sababu wafalme wa jina la John walikuwa na mkosi.

Kwa hiyo "juu" na "chini" kwenye hizi ndoa sio ngazi ya heshima, ni hali ya familia ya mke kwa mwaka husika. 1397 baba yupo na bado ana uwezo wa kugawa. 1402 kaka mkubwa, David, anafia Falkland mikononi mwa mjomba... hapana, baba mdogo, Albany. 1406 mdogo wake James anatekwa baharini na Waingereza, baba anafariki siku chache baadaye, na James anakaa kifungoni miaka 18. Miaka yote hiyo Uskoti iko chini ya Albany na baada yake mwanawe. Binti wa mfalme ambaye mfalme yuko jela ya jirani, mahari yake ya kisiasa inakuwa imeshuka, yeye hajabadilika.

Swali lililobaki ndo hili, kwa nini aolewe tena na tena? Angeweza kukaa. Jibu naona lipo kwenye kitu kimoja cha sheria ya Uskoti, theluthi ya mjane, na hapa naomba twende taratibu.

Chukulia mume ana jengo la fremu tisa za maduka. Akifa, jengo ni la mtoto wa kiume, lakini kodi ya fremu tatu inakwenda kwa mjane mpaka naye afe. Sio mali yake, hawezi kuuza hata bati moja, hawezi kuweka rehani, akifa fremu zinarudi kwenye ukoo wa mume. Usilinganishe na thumuni ya mjane kwenye mirathi ya Kiislamu, kule fungu likishatoka ni lake moja kwa moja, anaweza kuuza au kuwarithisha wake, hapa anapewa matumizi tu. Ila matumizi ya maisha.

Sasa mjane huyo akiolewa tena, theluthi haifi. Anaingia kwa mume wa pili na kodi ya fremu tatu mkononi. Wa pili ana fremu sita, akifa zinaongezeka mbili. Wa tatu hivyohivyo. Kufika harusi ya nne Mary kisheria ana madai kwenye mali za koo tatu tofauti, Douglas wa Angus, Kennedy na Graham, na wala hana ardhi moja anayoweza kuiita yangu. Ni mwanamke wa majengo matatu bila kuwa na tofali. Namba za fremu ni mfano wangu, na Angus yenyewe ilikuwa na mama mkwe aliye hai miaka mingi baada ya George kufa, kwa hiyo keki ilikuwa inaliwa na wajane wawili.

Upande wa pili wa sarafu ni kudai. Kodi ya karne ya 15 haiji kwenye simu. Mwenye jengo ni mtoto, walezi wake ni akina baba wadogo wasiofurahi kuona theluthi inatoka kila mwaka kwenda kwa mwanamke aliyehamia ukoo mwingine. Unahitaji mtu wa kwenda na farasi na wanaume wachache kukumbusha. Mume ndo alikuwa huyo mtu, na kwa sheria hiyohiyo mume ndo alikuwa na mamlaka juu ya mapato ya mkewe, kwa hiyo naye alikuwa na sababu nzuri ya kupanda farasi. Bwana wa kati kama Graham au Edmonstone alipata mapato, akapata watoto wenye damu ya kifalme, na Edmonstone, aliyeoa baada ya 1424, akapata na shemeji mfalme, maana James alikuwa ameshaachiwa na kurudi. Kama Mary alipenda yeyote kati yao hati za ardhi hazisemi, na hizo hati ndo sehemu kubwa ya tunachojua juu yake, kwa hiyo hii ni sababu ya pesa, ya moyo ibaki yake.

Huu mpango ulizaa undugu wa ajabu. Watoto wa tumbo moja wakawa viongozi wa koo tofauti, William bwana wa Angus kwa Douglas, Gilbert kwa Kennedy. Mwanawe mwingine wa kwa Kennedy, James, aliyepewa jina la baba, akawa askofu wa St Andrews mwaka 1440, akaanzisha chuo cha St Salvator 1450, mnara wake bado unasimama. Alipofariki 1465, kiti kikachukuliwa na Patrick Graham, mdogo wake wa mama mmoja baba mwingine, ambaye 1472 akawa askofu mkuu wa kwanza wa Uskoti, na 1478 akavuliwa. Upande mwingine wa sistim hiyohiyo: Februari 1437 mjini Perth, mfalme James, ndugu wa Mary, aliuawa akiwa amejificha kwenye mtaro wa maji machafu chini ya sakafu, na kiongozi wa wauaji, Robert Graham, alikuwa ndugu wa marehemu mume wake wa tatu. Yaani shemeji kaua shemeji, na watoto wa Mary wa kwa Graham walipoteza mjomba kwa mkono wa baba mdogo.

Alizikwa Strathblane, jirani na Duntreath, kwa watu wa mume wa nne. Na ukikuta mahali wameandika waume watano, watakuwa wamemhesabu William Cunningham, ambaye anatajwa kwenye mkataba wa ndoa wa 1409, katikati ya Kennedy na Graham. Mkataba sio harusi, kwa hiyo wengi wanamruka, na kwenye grupu nimewaambia wanne.