Je, wajua kwa nini samaki mpya wa maji chumvi huhamishwa tangi kila baada ya siku 3?

Kuku aliyenunuliwa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya hafunguliwi siku hiyo hiyo akachanganyika na wa nyumbani. Hufungwa kamba mguuni au huachwa kwenye tenga, watu wakiangalia kama amekuja na kideri. Homa ya nguruwe ikitangazwa, kila mwenye banda anajua karantini maana yake nini. Samaki wa baharini anayefugwa kwenye tangi la kioo naye ana karantini yake, ila hii haimweki mahali pamoja akatulia. Anakaa chombo hiki siku 3, kingine siku 3, hadi zinatimia zamu 4 ndani ya siku 12. Mgeni akiona anadhani ni kumsumbua samaki bure. Sababu ni kimelea kimoja na ratiba yake ya maisha.

Kinaitwa Cryptocaryon irritans, na ndicho kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe: samaki anaonekana kama amenyunyiziwa punje za chumvi. Kila punje ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi au kwenye matamvua, kinakula. Kikishiba, baada ya siku 3 hadi 7 hivi, kinamwachia samaki na kudondoka, aghalabu gizani. Huko chini kinajinatisha kwenye mchanga, jiwe au kioo, kinajitengenezea ganda gumu, kisha kinajigawa ndani yake. Kifuko kimoja huweza kutoa vitoto 200 na zaidi. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki chache, lakini kuna vilivyowahi kukaa siku 72 kabla ya kupasuka. Vitoto vikishatoka vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki, vikimkosa vinakufa.

Mimi ratiba hii niliijua kwa hasara. Nilipopokea samaki wangu wa kwanza wa aina ya kangaja nilimtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa, pamoja na wenzake wanne. Siku ya tatu akawa na madoa. Siku ya sita madoa yakatoweka, nikashukuru nikijua amepona. Wiki ya pili wote watano walikuwa weupe, wanahema juu juu, na sikubaki na hata mmoja. Madoa yale hayakuwa yamepona. Vimelea vilikuwa vimeshiba na kushuka kuzaa.

Baharini kimelea hiki kipo pia, lakini mara chache kinaua samaki kwa wingi namna hiyo. Samaki haogelei juu ya vifuko vile vile kila siku, na vitoto vinatokea kwenye maji yasiyo na mwisho, vingi vinakufa bila kugusa samaki yeyote. Kwenye tangi la lita 200 hakuna pa kukimbilia. Vitoto vinatoka gizani, na samaki amelala palepale. Basi kumhamisha ni kumrudishia kile alichonyang'anywa na kioo: nafasi ya kuondoka kabla vifuko havijapasuka.

Hesabu yenyewe ni hii. Hakuna kifuko kinachopasuka mapema zaidi ya siku 3 hivi. Samaki akiingia chombo cha kwanza, vimelea vinadondoka kimoja kimoja. Kabla saa 72 hazijatimia anachukuliwa na kuwekwa kwenye chombo cha pili, kilichokuwa kikavu kabisa kabla ya kutiwa maji mapya ya chumvi yenye joto lile lile. Vifuko vinabaki nyuma. Chombo cha kwanza kinaoshwa na kukaushwa kabisa juani, kwa sababu kimelea hakistahimili ukavu, kisha kinangoja zamu yake. Kwa hiyo vyombo viwili tu, vikipokezana, vinatosha. Siku ya 13 kila kimelea alichokuja nacho samaki kimeshadondoka, na hakuna kilichopata nafasi ya kumrudia. Wavu, jiwe la hewa (la kutoa mapovu) na hita navyo viwe jozi mbili. Kuhamisha wavu wenye majimaji ni kuhamisha ugonjwa.

Vyombo hivyo havina mchanga wala mawe. Watu huniuliza mbona vitupu hivyo, samaki hatapata upweke? Ninaweka vipande vya bomba la PVC ajifiche, na hilo linamtosha. Ndoo ya lita 20 inamfaa samaki wa urefu wa kidole. Kangaja anataka boksi la plastiki la lita 60 au zaidi, lenye wavu juu asiruke. Chujio la sponji halitumiki katika siku hizi 12, maana litabeba vifuko, kwa hiyo mlishe kidogo na uvute mabaki kwa mpira kabla amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, haijapanda. Chumvi iwe ile ya kutengenezea maji ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, baada ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu inayotakiwa.

Huku kwetu kuna mambo matatu ambayo maelekezo ya watu wa pwani hayayataji.

La kwanza ni safari. Samaki hutoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 800, katika mfuko uliojazwa oksijeni. Ukifungwa kwa kukaza kule chini, ukishapanda mlima Kitonga unavimba, kwa sababu hewa ya nje imepungua kanieneo. Mwambie muuzaji aache mfuko ulegee. Tena, muda wote huo samaki anatoa kaboni dioksidi, na ndiyo inayoifanya amonia iliyojaa humo isimdhuru. Ukifungua mfuko gesi inatoka, na amonia ile inageuka sumu kali ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo usimwache humo saa nzima ukidondoshea maji taratibu. Uliza mapema maji ya muuzaji yana chumvi kiasi gani, andaa chombo kilingane, elesha mfuko mpaka joto lifanane, ufungue, umtoe samaki, umwage maji yake.

La pili ni mwinuko. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na maji hapa yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Maji ya chumvi yenyewe hushika kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Samaki aliyeharibiwa matamvua hana oksijeni ya kupoteza, hivyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana, na iwepo ya betri umeme ukikatika.

La tatu ni baridi ya Juni na Julai. Maji yakipoa kimelea kinapunguza mwendo, kinamkalia samaki muda mrefu zaidi, na hesabu ya siku 12 inaharibika. Hita ishike nyuzijoto 25 hadi 27 bila kuyumba.

Wapo wanaotumia shaba badala ya kuhamisha, na inafanya kazi. Lakini mrututu wa dukani, ambao ni chumvi ya shaba, usiufikirie. Kipimo kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita. Kikishuka kimelea kinaishi, kikizidi samaki anakufa, na bila vifaa vya kupima kila siku unabahatisha tu. Shaba huua pia kamba na konokono.

Kuhamisha hakumalizi kila kitu. Kimelea kingine, Amyloodinium, huleta ugonjwa unaomfanya samaki aonekane kama amepakwa vumbi, ambao unaua ndani ya siku chache na hauzuiliki kwa hesabu hii. Huo unahitaji dawa. Minyoo bapa wa ngozi hutibiwa kwa praziquantel, dawa ile ile ya kichocho. Ndiyo maana baada ya siku 12 namweka samaki wiki 3 au 4 zaidi kwenye tangi la pembeni, sasa likiwa na chujio la sponji lililokaa na kupata bakteria, nimwangalie anavyokula na anavyohema.

Na kama tangi kubwa limeshaingiliwa? Samaki wote watolewe na kupitishwa kwenye ndoo, na tangi likae bila samaki siku 76, zile 72 na za akiba. Kamba, konokono na matumbawe wabaki humo humo na kulishwa kama kawaida, kwa sababu kimelea hiki hakiwali.